Kumsema Rais si Jinai

Bwana Mhariri,

Nilipata bahati ya kuhudhuria mdahalo wa Jumamosi ya mwisho ya muhula uliopita, nikiwa nimeketi nyuma kabisa ya ukumbi pamoja na wanafunzi wengine wa zamani tuliokuja kuitembelea shule yetu. Hoja ilikuwa hii: kwamba raia anayemtukana Rais wa nchi astahili kushitakiwa mahakamani. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Sisi wageni hatukuruhusiwa kusema neno, na hiyo ni haki, kwa maana mdahalo ni wa wanafunzi. Lakini nilirudi nyumbani na maneno mengi moyoni ambayo hayakupata mlango wa kutokea, na kwa hiyo naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili.

Kwanza niwasifu wasemaji. Wakati wetu hatukuweza kusema Kiswahili namna ile. Hapa Uganda lugha hii kwa miaka mingi ilikuwa ni lugha ya askari, nasi wengi tuliisikia kwanza pale barabarani tulipoamriwa kushuka katika basi tukiwa mikono juu. Kuisikia leo katika vinywa vya vijana wanaobishana kwa adabu juu ya sheria na Katiba ni furaha kubwa.

Msemaji wa kwanza alisema kwamba Rais ni baba wa nchi, na mtoto amtukanaye baba yake huadhibiwa. Akamalizia kwa methali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," ukumbi ukavuma kwa makofi. Wa pili alisema kwamba maneno ya uongo huleta vita, akatukumbusha Rwanda ya mwaka 1994 na redio iliyochochea mauaji. Wa tatu akasema kwamba huu uhuru wa kumsema mkubwa ni desturi ya Wazungu, nasi Waafrika tuna heshima yetu. Wapinzani nao walijibu kwa woga, wakitaja Marekani na Uingereza kana kwamba jambo hili halina historia yake hapa petu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na ndipo nitakapoanzia.

Ni kweli kwamba kuna kitu kilicholetwa na Wazungu katika habari hii. Kitu hicho ni sheria ya uchochezi. Ilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda ya mwaka 1950, nayo iliwekwa na serikali ya kikoloni kwa kusudi moja: mtu mweusi asije akawafanya wenzake waichukie serikali au kuidharau. Angalieni vema maneno hayo. Sheria haikuuliza kama neno lililosemwa ni kweli. Iliuliza kama neno hilo laweza kuleta chuki, au dharau, au manung'uniko. Basi, niambieni ni neno gani la kweli juu ya serikali mbaya lisiloleta manung'uniko?

Wenzetu wa Tanganyika waliionja sheria ya aina hiyo mapema. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama chake, akiwalaumu Wakuu wa Wilaya wawili wa Kiingereza kwa jinsi walivyowatendea watu. Alishitakiwa Dar es Salaam kwa kosa la jinai la kashfa, akaonekana ana hatia, akaambiwa alipe shilingi 3,000 ama aende jela miezi 6. Akalipa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mtu angedhani kwamba watu walioshitakiwa kwa maneno yao, wakishashika serikali, wangezitupa sheria hizo baharini siku ile ile ya uhuru. Haikuwa hivyo huko, wala haikuwa hivyo hapa kwetu.

Sasa nawaomba vijana wanisikilize, kwa maana kesi nitakayoisimulia ilifanyika hapa hapa Kampala, na katika ukumbi mzima sikusikia hata mmoja akiitaja.

Mwaka 1961 kijana mmoja mzaliwa wa Kampala, wa asili ya Kihindi, jina lake Rajat Neogy, alianzisha jarida liitwalo Transition. Waandishi wa Afrika nzima walibishana humo, na Ali Mazrui, aliyekuwa akifundisha Makerere, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1966 serikali ya Milton Obote iliitangua Katiba ya 1962, na mwaka 1967 tukapata Katiba nyingine iliyompa Rais nguvu nyingi. Mwaka 1968 mtu mmoja wa ofisi ya Rais, Picho Ali, aliandika katika Transition kwamba mahakimu na majaji yawapasa wafuate itikadi ya serikali iliyoko. Aliyemjibu ni Abu Mayanja, mwanasheria na Mbunge.

Mayanja huyu wanafunzi mngempenda. Mwaka 1952 alifukuzwa Makerere baada ya mgomo wa wanafunzi juu ya chakula, na mwaka huo huo akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress. Baadaye alikwenda kusoma Cambridge. Katika barua yake kwa Transition alisema, kwa ufupi, kwamba serikali haionyeshi haraka yoyote ya kuondoa sheria za kikoloni, bali imezihifadhi kwa furaha zile ambazo mkoloni alizitunga ili kuziba watu vinywa, na miongoni mwake akaitaja sheria ya uchochezi. Tena akataja uvumi uliokuwa ukienea kwa wanasheria, kwamba kuteuliwa kwa Waafrika kuwa majaji wa Mahakama Kuu kunacheleweshwa kwa sababu za ukabila. Na juu ya uvumi huo aliandika kwamba yeye mwenyewe hausadiki.

Mwezi wa Oktoba 1968 walikamatwa wote wawili, mwandishi wa barua na mhariri aliyeichapa. Walishitakiwa kwa sheria gani? Kwa ile ile ya uchochezi. Mtu alisema kwamba serikali huru inatumia sheria ya mkoloni kuziba watu vinywa, na serikali, ili kumwonyesha kwamba amekosea, ikaitumia sheria hiyo kumziba kinywa.

Hayo si mwisho. Tarehe 1 Februari 1969 hakimu, baada ya kuisikiliza kesi, aliwaachilia huru. Haikuwa barua ya uchochezi, kwisha. Lakini kabla hawajafika makwao walikamatwa tena, mara hii kwa amri za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji hakimu wala ushahidi, wakarudishwa kizuizini. Neogy alifunguliwa mwisho wa Machi mwaka ule. Mayanja alikaa mpaka mwaka 1970. Transition haikuweza kuendelea Kampala. Jarida lililozaliwa hapa lilihamia Accra, Ghana.

Napenda tukae kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Watu wengi hufikiri kwamba sheria ya kumlinda mtawala na maneno inapimwa kwa wangapi wamefungwa nayo. La. Hakimu aliwaachilia, na bado serikali ilikuwa imepata ilichokitaka. Kila mwalimu, kila karani, kila mwandishi wa gazeti Kampala nzima aliyesoma habari ile alijifunza mara moja kuyameza maneno yake. Nchi ikawa kimya. Na nani aliyenufaika na ukimya ule? Obote hakunufaika. Mwezi wa Januari 1971 alipinduliwa na jeshi lake mwenyewe. Watu wakacheza ngoma barabarani, naye akatafuta hifadhi Tanzania. Kama watu wangeruhusiwa kumwambia kwamba wamemchoka, huenda angejua mapema. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Na Idi Amin alipokuja, alikuta nchi imekwisha kufundishwa kunyamaza. Mwezi wa Septemba 1972 watu wake walimtoa Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, katika jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, asionekane tena. Kiwanuka huyo alikuwa amewekwa ndani na serikali ya Obote mwaka 1969. Hapakuwa na gazeti la kuuliza yuko wapi.

Nisije nikamfanya Mayanja kuwa malaika. Baada ya mwaka 1986 alikuwa Waziri katika serikali ya Yoweri Museveni, hata akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya uchochezi iliyompeleka kizuizini ilikuwako katika vitabu wakati yeye akikalia kiti kile, naye alipokitoka aliiacha ikiwako. Ndiyo maana siwaamini sana wale wanaosema kwamba sheria mbaya haina hatari mradi tuwe na kiongozi mwema. Hata aliyeumwa na nyoka huweza kumfuga.

Nije kwa hoja ya baba. Kwa kweli sitaki kuipigania sana. Baba yangu hakuniomba kura. Hakulipwa mshahara kwa kodi yangu, wala sikuwa na ruhusa ya kumbadili baada ya miaka mitano. Katiba yetu ya 1995 katika kifungu chake cha kwanza kabisa yasema kwamba mamlaka yote ni ya watu. Basi ikiwa ni lazima tuzungumze kwa mifano ya nyumbani, Rais ni mtu tuliyemweka shambani, na mwenye shamba akiuliza juu ya mahindi hajamtukana mtu. Na ile methali ya guu ni nzuri, lakini mkuu naye ana guu, na akivunjika yeye twachechemea sote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo nilimwona msemaji wake akiisema kwa moyo. Yafaa ijibiwe kwa heshima.

Redio aliyoitaja, RTLM ya Kigali, ilianza mwaka 1993. Ni kweli kwamba iliwachochea watu kuua, na ni haki kabisa kwamba mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wake mwaka 2003. Lakini ndugu yangu, fikiri tena. Je, redio ile ilikuwa ikiwasema watawala? Hasha! Ilikuwa rafiki ya wenye nguvu, na iliowataka wauawe ni raia wanyonge. Sheria ya kuwalinda watawala wasisemwe isingeifunga hata siku moja. Kuwaambia watu "nendeni mkaue" ni kosa popote duniani, na hakuna anayetaka liwe halali. Sheria tunayobishana juu yake ni nyingine, nayo mara nyingi hutumiwa na watu wa namna ile ile kuwanyamazisha wale ambao wangepiga kelele.

Lakini uongo je? Mtu aachwe kusema uongo juu ya serikali? Swali hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Uganda, na ningependa kila mwanafunzi wa shule hii ajue jinsi lilivyojibiwa. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Monitor lilichapa habari, iliyotolewa katika jarida la nje, kwamba Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda dhahabu kwa msaada wake katika vita. Mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda wakashitakiwa kwa kuchapa habari za uongo ziwezazo kuitia jamii hofu. Hakimu aliwaachilia mwaka 1999, lakini wao hawakuridhika kuachiliwa tu; waliitaka sheria yenyewe iondoke. Mahakama ya Katiba iliwakatalia. Wakakata rufani. Tarehe 11 Februari 2004 majaji wa Mahakama ya Juu, wote kwa sauti moja, waliifuta sheria ile. Jaji Joseph Mulenga, aliyeandika hukumu ya kwanza, alieleza kwamba neno halipotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mtu mwingine anadhani ni la uongo, au lina makosa, au halipendezi.

Najua kwamba jambo hilo ni gumu kumeza. Mimi mwenyewe nisingelimeza kama nisingekuwa na kisa changu, ambacho rafiki zangu wa bweni watakikumbuka.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na gazeti la ukutani, ubao mkubwa nje ya bwalo, na mwanafunzi yeyote aliweza kubandika maandishi yake mradi atie jina. Jioni moja nilimwona mtunza ghala akipakia magunia ya unga katika gari. Usiku ule ule nikaandika kwamba posho yetu inauzwa mjini ndiyo maana twalala na njaa, na kabla ya kifungua kinywa shule nzima ilikuwa imesoma. Mwalimu Mkuu wetu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, aliweza kunichapa viboko au kunirudisha nyumbani. Sisi sote tulingoja hivyo. Yeye alibandika karatasi yake kando ya yangu. Ilisema kwamba unga wa magunia yale ulikuwa na dudu, umerudishwa kwa mfanyabiashara aliyeuleta, na stakabadhi yake hii hapa. Stakabadhi yenyewe ilikuwa imepigwa pini chini ya maneno yake. Mwisho akaandika kwamba mtunza ghala angefurahi kupokea wageni wakati wa mapumziko ya saa nne.

Nilikwenda. Mzee yule aliniangalia kitambo, kisha akasema tu, "Siku nyingine uliza kwanza, mwanangu." Sijapata kuona haya kama siku ile.

Mwaka uliofuata mvulana wa kidato cha pili aliandika katika ubao ule ule kwamba maji ya tangi yananuka. Mwalimu Mkuu akaagiza ngazi, akapanda mwenyewe. Ndani ya tangi mlikuwa na njiwa wawili waliokufa, na kwa muda gani tulikuwa tukiyanywa maji yale, Mungu ajua. Sasa naomba msemaji wa pili anijibu: kama mimi ningechapwa viboko kwa uongo wangu, yule mtoto angeandika ukweli wake? Yeye hakuwa na hakika kama ana haki, alikuwa na pua tu. Ukimwadhibu kila anayekosea, atakayekunyamazia si mwongo. Mwongo ana ujasiri wake. Atakayenyamaza ni yule mwenye mashaka, naye huenda ndiye aliyenusa njiwa.

Tena mtawala hakuachwa uchi. Akizuliwa uongo unaomharibia jina, aweza kwenda mahakamani kudai fidia kama mimi na wewe, asimame na wakili wake, athibitishe. Ninachokataa ni kwamba polisi wamfanyie kazi hiyo, na gereza liwe ndilo jibu lake.

Sheria ya uchochezi yenyewe ilikuja kuanguka baadaye. Mwezi wa Julai 2005 John Garang, kiongozi wa Sudan ya Kusini, alikufa katika helikopta ya Rais wa Uganda alipokuwa akirudi kwao kutoka huku. Mwenda yule yule akasema katika redio kwamba serikali yetu haikosi lawama katika kifo kile. Redio ikafungwa kwa siku chache, naye akashitakiwa kwa uchochezi. Akaipeleka sheria mbele ya Mahakama ya Katiba, na ikachukua mpaka tarehe 25 Agosti 2010 kupata jibu: sheria ile ni batili. Miaka 60 tangu mkoloni alipoiweka. Kenya walikwisha kuiondoa ya kwao mwaka 1997. Tanzania waliiandika upya katika sheria yao ya vyombo vya habari ya mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu vyake vinaivunja mikataba ya Jumuiya.

Katika hukumu ya 2010 kuna jambo moja ambalo lilinigusa, na ambalo ni jibu kwa wale wanaosema, "Sisi hatukatai watu kumsema Rais, twakataa matusi tu." Majaji walieleza kwamba watu hawakulelewa namna moja. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya wasomi hujua kumsema mkubwa kwa maneno laini. Mwenzake aliyekulia katika mtaa wa mabanda husema kama ajuavyo, na huona kweli kwamba hivyo ndivyo watu wanavyosema. Wote wawili wana haki sawa na kura moja moja. Wakasema pia kwamba viongozi yawapasa kuwa na ngozi ngumu. Mimi niliyesoma katika shule hii naweza kumlaumu Waziri kwa Kiingereza chenye mikunjo asijue hata kwamba amelaumiwa. Mwendesha boda boda hana mikunjo. Sheria ya matusi humkamata yeye, huniacha mimi.

Nitataja mfano mgumu, ili nisionekane nimechagua mepesi. Mwaka 2018 Dakta Stella Nyanzi, msomi aliyekuwa Makerere, aliandika shairi katika mtandao juu ya siku ya kuzaliwa ya Rais, akamtaja mamaye marehemu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa wala mbele ya watoto wangu. Sikulipenda shairi lile. Nilipolisoma nilihisi kama mtu amefungua mlango wa bafu mimi nikiwa mgeni. Lakini alikaa gerezani Luzira tangu Novemba 2018. Akahukumiwa miezi 18 mwezi wa Agosti 2019. Na mwezi wa Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu, ikisema hakimu hakuwa na mamlaka juu ya kesi ile na mshitakiwa hakutendewa haki. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miezi 15 ndani kwa shairi, kisha anaambiwa aende zake. Ni kisa cha Transition tena. Kuachiliwa huja, lakini huja baada ya adhabu.

Wala siku hizi si gazeti wala shairi tu. Mwandishi wa riwaya Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa mwisho wa mwaka 2021 kwa maneno machache aliyoyaandika mtandaoni juu ya Rais na mwanawe. Alipotoka kwa dhamana alionyesha makovu mgongoni, akasema aliteswa, kisha akakimbilia Ujerumani. Kifungu alichoshitakiwa nacho, cha maneno ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa Januari 2023. Lakini Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha vifungu vingine mwaka 2022. Na mwaka 2024, pale Entebbe, kijana wa miaka 24 aliyewatukana Rais na jamaa zake katika vipande vifupi vya video, akakubali kosa na kuomba msamaha, alihukumiwa kifungo cha miaka 6. Miaka 24, ndugu zangu. Wengine wenu mtakuwa na umri huo kabla jengo jipya la maabara halijaisha. Mkinishika mkono na kuniambia kwamba alikosa adabu, nitakubali. Alikosa adabu. Mkiniambia kwamba kukosa adabu kuna thamani ya miaka 6 ya ujana wa mtu, basi nawaomba mwitishe mdahalo mwingine, na safari hii muwaruhusu wageni kusema.

Nina ombi moja kabla ya kuweka kalamu. Baada ya mdahalo nilikwenda kuutazama ubao wetu wa zamani nje ya bwalo. Bado upo, na umepakwa rangi nzuri. Lakini umewekewa kioo na kufuli, na ndani yake niliona ratiba ya mitihani na orodha ya karo, basi. Nilimwuliza mvulana mmoja aliyekuwa akipita na sahani yake, ufunguo uko kwa nani. Alitazama huku na huku kwanza, kisha akasema hajui. Namwomba Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, atujibu katika toleo lijalo: ufunguo uko kwa nani, na mwanafunzi akitaka kubandika karatasi yenye jina lake, auombe wapi?

Wako,
Mwanafunzi wa Zamani